Kuiingiza elimu ya afya ya uzazi kwa vijana kwenye bajeti ya halmashauri

Mwaka wa fedha Tanzania huanza Julai 1, ila mipango hupangwa miezi mingi kabla. Ukija Machi umechelewa. Oktoba nenda kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati, shughuli iingie kwenye mpango wa kituo, kisha kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, yaani mpango wa afya wa mwaka wa halmashauri nzima.

Usiandike “semina ya vijana” tu. Mstari usio na hesabu ndio hukatwa kwanza. Andika vipindi 12, vijana 30 kila kipindi, nauli ya muuguzi, bangokitita (karatasi kubwa za kuandikia mbele ya kundi), kalamu za wino mzito (hizi husahaulika kila mara). Tenga rika: miaka 10–14 balehe, hedhi na kukataa kuguswa, 15–19 uzazi wa mpango na VVU. Wazazi waoneshwe mada mapema, la sivyo simu zitamfikia diwani kabla ya kipindi cha kwanza.