Klachi ya mafuta: toa upepo kwanza, nati baadaye

Rivasi ikikwaruza, au klachi ikiachia pedali ikiwa karibu kugusa sakafu, mkono wa kwanza huenda kwenye fito ya pedali, chuma kinachounganisha pedali na silinda ya juu (pampu ya mafuta ya klachi). Usiiguse bado. Ikirefushwa, pedali hubadilika kidogo, lakini upepo ulioingia kwenye mafuta, au sili (mpira wa kuzuia mafuta) mbovu, inabaki palepale.

1. Uvujaji. Mafuta ya kopo la klachi yakipungua ghafla, yanavuja. Mulika mahali fito inapoingia silinda ya juu, nyuma ya pedali, kisha funua mpira wa vumbi wa silinda ya chini pembeni mwa giaboksi. Pakilowa, sili imekwisha. Kama kote ni kukavu lakini gari lililo kwenye gia linaanza kujisogeza huku umekanyaga klachi mpaka mwisho, sili ya silinda ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Ukuta wa silinda ukiwa na michubuko au kutu, badilisha silinda nzima. Sili mpya hapo hazidumu.

2. Upepo. Jaza kopo mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, kutoka chupa mpya. Oili ya injini huvimbisha sili. Chomeka mpira mwangavu kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya silinda ya chini, ncha yake ya pili izame kwenye chombo chenye mafuta. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia. Fungua nipeli nusu mzunguko, funga, ndipo aachie. Pedali isiporudi, ainyanyue kwa mkono. Endelea mpaka mapovu yaishe, na kopo lisikauke. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mara moja.

3. Fito ya pedali. Hapa ndipo klachi nzima huharibiwa. Sukuma pedali kwa kidole. Mwanzoni inacheza kwa wepesi kabisa, fito ikiwa haijagusa pistoni: kwa magari mengi madogo ni milimita 1 hadi 5 ukipimia kwenye pedali. Ukiendelea mpaka usikie uzito wa klachi, jumla huwa milimita 5 hadi 15. Kitabu cha gari lako kikitaja kipimo kingine, fuata hicho.

Uchezaji ule wa kwanza usiondolewe kamwe. Ndani ya silinda ya juu kuna tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo. Fito ikibana, pistoni hairudi mwisho na tundu linazibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka, yanakosa njia, yanasukuma rilizi beringi (beringi inayoachanisha klachi) kana kwamba kuna mguu juu ya pedali. Asubuhi gari linavuta vizuri. Likipata moto klachi inateleza, na pleti inaungua bila kosa lolote. Kuhakikisha, klachi ikiwa inateleza, zima injini na ulegeze nipeli kidogo: mafuta yakichupa bila mtu kukanyaga, presha ilinaswa.

Legeza nati ya kufungia, kwa kawaida spana 12, zungusha fito robo robo huku ukipima, kisha kaza nati bila fito kuzunguka nayo. Kimo cha pedali kina boliti yake ya kizuizi. Kirekebishe kabla ya fito, maana kikibadilika uchezaji nao hubadilika.

4. Jaribu. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), handibreki juu, kanyaga mpaka mwisho, hesabu sekunde nne, ingiza rivasi: isikwaruze. Rudia gari likiwa limepata moto.