Ukipangiwa kuwa kiungo kati ya majeshi mawili, anza na saa yako

Mpwa wangu alinikuta Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nimefungua mashine ya boti na grisi imenifika viwikoni. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Hapana mjomba. Nimepangiwa zoezi la pamoja na wenzetu wa nchi jirani. Nitakaa kwenye makao yao, niwe kiungo na kikosi chetu."

Alilitaja neno "kiungo" kama mtu anayetaja ugonjwa wa baba yake. Nikamgeuzia ndoo akakaa, na tulivyoanza hapo tukamaliza jua linazama. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache niliyoyakumbuka ameshaondoka.

Mimi nilikuwa mtu wa redio, nikastaafu na cheo cha Afisa Mteule. Sijawahi kuongoza brigedi, na namna ya kuiongoza waulize waliopita Duluti, chuo cha ukamanda cha Arusha. Ninachokijua ni kile kipande cha katikati, pale amri inapotoka jeshi moja kuingia jingine. Amri haivuki pale yenyewe, hubebwa na mtu. Safari hii mtu huyo ni wewe. Na kama unatafuta siri za jeshi, hapa hamna.

Mjue tajiri, mjue nahodha

Wengi hukwama hapa siku ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua boti ya dagaa ya hapa hapa ziwani. Boti, mashine, nyavu na taa ni vya tajiri. Huenda tajiri mwenyewe yuko Igoma amelala. Boti ikishatoka, anayesema "tupa" na "vuta" ni nahodha. Mvuvi akikataa kuvuta wavu eti anasubiri simu ya tajiri, usiku huo hamtaleta kitu. Lakini nahodha naye hawezi kuiuza mashine ya watu, wala kuwapeleka vijana kupakia mchanga kisiwani wakati walichukuliwa kuvua. Mvuvi akiiba, kuna mambo nahodha anayamaliza majini na kuna mambo yanamsubiri tajiri nchi kavu.

Majeshi yakiungana mambo huwa vivyo hivyo. Nchi ndiyo tajiri, na haimkabidhi mgeni askari wake moja kwa moja. Inampa kamanda wa pamoja mamlaka ya kuwatumia kwa kazi iliyokubaliwa, mahali palipokubaliwa, kwa muda uliokubaliwa. Nidhamu, mishahara na vyeo hubaki nyumbani.

Tazama ile Brigedi ya Kuingilia Kati kule mashariki ya Kongo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, askari wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa brigedi wa kwanza alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Juu yake alikuwapo Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz, Mbrazili, kamanda wa askari wote wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo. Kwa hiyo askari wa Malawi alipelekwa kazini na Mtanzania, naye Mtanzania akapokea maelekezo kwa Mbrazili. Ila huyo Mmalawi akivunja nidhamu, anawajibishwa na jeshi la Malawi. Mistari miwili inapita kwenye mgongo wa mtu mmoja, na usipoijua yote utamkosea mmojawapo.

Kwa hiyo kabla hujafungua begi, chukua karatasi moja uandike majibu ya maswali haya. Nani anaweza kunihamisha? Nani anaweza kunipa kazi, na kazi za aina gani? Nani ananiadhibu? Nani ananilisha na kunijazia mafuta? Nikiumia, gari au ndege ya kunitoa inaitwa na nani? Kila jibu liwe na cheo na njia ya kumpata mhusika. Ukikuta swali moja lina majibu mawili, usilale nalo. Mpelekee afisa operesheni wako jioni hiyo hiyo.

Lipo na swali la sita, ambalo watu huona haya kuliuliza: "Nchi yenu imewakataza nini?" Kila jeshi huja na makatazo yake. Hawa hawatembei usiku, wale hawavuki mto fulani, wengine hawaruhusiwi kulinda mahabusu. Si woga, ni maagizo ya tajiri. Uliza mapema, kwa heshima, wakati wa chai. Ukisubiri kuyajua magari yakiwa yanaunguruma, mpango wa kamanda wako umeshaharibika, na aliyetakiwa kumwambia ni wewe.

Saa

Nilimuuliza mpwa wangu, "Saa ngapi?" Akaangalia simu akasema saa tisa na nusu. Nikamwambia hapo umeshaua watu.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mwenzako aliyejifunza Kiswahili darasani anaposikia "saa tatu asubuhi" kichwa chake kinaweza kukimbilia 0300, kumbe wewe umesema 0900. Jeshini tunatumia tarakimu nne, hilo kila kuruta analijua. Ila kiungo hupiga soga siku nzima, na amri nyingi humfikia kwa mdomo, kwenye soga. Ukisikia saa kwa mdomo, irudishe kwa tarakimu, papo hapo.

Halafu kuna herufi. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia saa ya Charlie, herufi C, yaani saa tatu mbele ya ile ya Greenwich inayoitwa Zulu. Rwanda, Burundi, Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini na upande wa Goma wanatumia Bravo, herufi B, nyuma yetu kwa saa moja. Toka Mwanza mpaka Goma si mbali kihivyo, lakini saa zinapishana.

Mimi hilo nilifundishwa barabarani. Tulitakiwa kukutana na msindikizaji wa jeshi jingine saa 0600 kwenye njia panda, tukiwa na lori la maji. Dereva wangu na mimi hatukuwa tumegusa saa zetu tangu nyumbani. Tukafika 0600 kamili, roho safi, njia panda tupu. Kwa saa za pale ilikuwa 0500. Tukakaa saa nzima gizani kando ya barabara ambayo hata mchana hatukuruhusiwa kusimama, taa tumezima, dereva anasali kwa sauti ya chini. Msindikizaji alipotokea, kapteni wao alitutazama kwanza, akatazama saa yangu, asiseme kitu. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo andika hivi: 140600B. Tarehe 14, saa 0600, Bravo. Isiyo na herufi usiipokee, wala usiitume. Na nunua saa ya pili, hata ile ya sokoni Makoroboi ya bei ya kutupa, uvae mbili. Watakucheka siku mbili, ya tatu watakuja kukuuliza saa.

Kuibeba amri

Amri kamili ina vipande vitano, na majeshi mengi ya ukanda huu yaliyorithi mtindo wa Waingereza yanavifahamu: hali ilivyo (adui, rafiki, ardhi, raia), kazi yenyewe, namna itakavyotekelezwa, mahitaji na huduma, na mwisho uongozi na mawasiliano. Ukiletewa yenye vipande vitatu, usijaze viwili vilivyobaki kwa akili yako. Viulize.

Mtego mkubwa ni kutafsiri neno kwa neno. Chukua "mara moja". Kwetu ina maana mbili, sasa hivi na isizidi moja. "Piga mara moja." Mwenye kombora afanye nini, aharakishe au apige moja tu? Sema "piga sasa" au "piga kombora moja". Sita na tisa nazo kwenye redio yenye mikwaruzo ni mapacha, basi namba taja tarakimu moja moja na uombe zirudiwe.

Ukishapokea, mrudishie aliyekupa kwa maneno yako mwenyewe, usiwe kasuku. "Afande, nilivyoelewa, mnataka daraja liwe wazi ifikapo 0800 Bravo ili magari ya wagonjwa yapite, na kama haliwezekani mnataka tuwaambie kabla ya 0700." Uone kama anaitikia kwa kichwa au anakunja uso. Hiyo "ili" ndiyo yenye thamani kuliko yote. Kikosi chako kikijua daraja ni la wagonjwa, na daraja likashindikana, kitatafuta kivuko kingine bila kusubiri amri mpya. Kisipojua, kitakaa pale darajani kikipiga picha.

Baba yangu mdogo alikuwa mgambo vita vya Kagera, akafika mpaka Lukaya, Uganda, Machi 1979. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, na pamoja nao wapiganaji wa Kiganda wa David Oyite-Ojok, ilipigwa pale mpaka wengi wakakimbia. Jenerali Musuguri akaigeuza Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikaja kutokea barabara ya Kampala, na kesho yake mambo yakabadilika. Baba mdogo hakuwa akisimulia habari za roketi. Alikuwa akisimulia usiku ule: hakuna aliyewaambia kwamba 208 inakuja, na kila mtu gizani akajitungia habari yake, Mtanzania yake na Mganda yake. Ukiwa kiungo, hata kama huna jipya, piga redio kwa saa mliyokubaliana useme huna jipya.

Vyeo

Usimpime mtu kwa mabega kabla hujauliza. Kwa Wafaransa, "commandant" ni cheo sawa na meja wetu, na mwenye nacho anaweza asiwe kamanda wa hata jiko. Ukivuka kwa majirani wanaotumia Kifaransa, Burundi kwa mfano, "adjudant" ni mtu wa daraja langu mimi, afisa mteule. Sisi adjutanti ni afisa anayeendesha ofisi ya kamanda wa kikosi. Niliwahi kumpigia saluti ya kuvunja kiwiko mtu wa cheo changu mwenyewe. Alifurahi sana, tukawa marafiki, na urafiki huo ulinipatia betri za redio kuliko fomu yoyote niliyowahi kujaza.

Ugali nao utakusaidia. Kwa Wamalawi ni nsima, kwa Waafrika Kusini ni pap. Kula nao, usipeleke kisahani chako hemani.

Habari mbaya, na nani aisikie kwanza

Hili ni kosa langu la pili, na hili liliniuma zaidi. Nilisikia kwenye redio yetu kwamba gari letu limekwama mahali pabaya. Rafiki yangu wa jeshi jingine alikuwa pembeni yangu, nikamwambia, kwa sababu wao walikuwa na gari la kuvuta. Akamwambia bosi wake, bosi wake akampigia mkuu wangu kumpa pole. Mkuu wangu alikuwa bado hajaambiwa na mimi. Gari lilivutwa vizuri tu. Mimi nilisimamishwa mbele ya meza dakika ishirini.

Upande wako usikie kwanza, au kwa pamoja. Sharti hilo lina mlango mmoja tu: mtu anakaribia kufa sasa hivi. Wenzako wanaelekeza silaha kwenye watu wako bila kujua? Piga kelele kwenye mtandao wowote ulio wazi, simamisha, halafu ndiyo uanze kutafuta nani ulitakiwa kumwambia kwanza. Hapo hata mkuu wangu yule asingeniweka mbele ya meza.

Na mkivutana, yaani wao wanataka hiki na kikosi chako hakitaki, usiwe hakimu. Peleka kauli ya wao kama walivyoisema, rudisha ya kwenu kama ilivyosemwa, ukali uuache njiani, maana ibaki. Usiahidi askari, gari wala lita ya mafuta ambayo si yako. Sema: "Nitauliza, nitakujibu kabla ya saa fulani." Saa hiyo ikifika mjibu, hata kama jibu ni bado.

Daftari na makabidhiano

Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoka. Kila mstari: saa na herufi yake, nani kasema, kasema nini, umempa nani. Tumia peni. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni, mvua za huku zinaijua njia ya kuingia hemani.

Mwenzako akija kukupokea, usimwachie daftari mezani ukakimbilia gari. Kaa naye siku mbili au tatu, umpeleke kwa kila mtu uliyekuwa unafanya naye kazi, mpaka mpishi. Awaone, wamwone. Muulize aeleze ile karatasi ya maswali sita kwa maneno yake, na umsikilize anapofika kwenye swali la nani anaita ndege ya majeruhi. Akisitasita hapo, kaa siku moja zaidi.