Kuvusha majiko banifu Tunduma: karatasi zinaanzia Mbeya

Jiko banifu la mkaa, bati nje na udongo ndani, lina wanunuzi ng'ambo ya mpaka. Zambia na Malawi jiko la namna hiyo huitwa mbaula. Kinachotukwamisha sisi wa Mbeya ni kufika Tunduma, mpakani na Zambia, na mzigo kabla ya karatasi.

Sajili biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA, kisha chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Leseni ya halmashauri uliyotundika ukutani haitoshi: ya kuuza nje ni ya kundi A, nayo huombwa BRELA.

Kwa alama ya ubora ya TBS, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wakupe barua ya utambulisho. Peleka kupimwa jiko unalouza kila siku, si lile la Nanenane.

Sasa cheti cha uasilia wa bidhaa, yaani karatasi ya kuthibitisha jiko limetengenezwa Tanzania, na hapa usiwe na haraka. Kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Omba cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo usidanganywe na mtu wa kijiweni anayekuambia uombe cha huko. Bila cheti, mteja wako anatozwa ushuru kamili na jiko la bei poa linageuka ghali. Nenda na ankara, orodha ya mzigo na mchanganuo wa gharama: udongo umechimbwa wapi, bati limenunuliwa wapi na kwa bei gani. Bati likiwa la kutoka nje, sema hivyo hivyo. Jiko la bati huangukia msimbo wa forodha unaoanza na 7321.

Hesabu zilingane kila karatasi. Mimi ankara yangu ilisema majiko 120, orodha ikasema 118, kwa sababu mawili yalipasuka wakati wa kupakia nikayashusha. Nililala Tunduma siku mbili kwa ajili ya majiko yaliyobaki uani kwangu.

Kabla gari halijapakia, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni. Yeye ndiye anayewasilisha tamko la mzigo TRA. Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kuna kituo cha pamoja tangu 2019, hivyo ukaguzi wa nchi mbili hufanyika sehemu moja. Wa Malawi wapite Kasumulu, Kyela.

Mzigo ukishavuka, dai kwa wakala nakala ya tamko lililothibitishwa. Kama umesajiliwa VAT, ndiyo ushahidi wako wa kutoza VAT ya asilimia sifuri.