Namna ya Kupanga Upya Matumizi ya Bonde la Mpunga Lililoingiliwa na Maji ya Chumvi

Mabonde mengi ya mpunga ya Pemba humalizikia kwenye hori za bahari, na kwa kuwa usawa wa bahari unapanda huku mvua za masika zikiwa hazitabiriki kama zamani, maji ya bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, sasa yanafika kwenye makonde ambayo wazee wetu waliyalima bila ya kujua chumvi. Kisiwa Panza ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana kwa tatizo hili, lakini haliko huko peke yake. Mwongozo huu ni kwa wakulima ambao bado wana konde la kuokoa, na msimamo wake ni kwamba bonde lisilazimishwe kutoa mpunga tangu juu hadi ufukweni. Kila sehemu ipewe kazi kulingana na chumvi iliyomo.

Kazi ya kwanza ni kujua chumvi imefika wapi. Bamvu za karibu na mwezi wa Machi na Septemba ndizo kubwa zaidi katika mwaka, kwa hiyo wakati huo, maji yanapojaa kabisa, pigeni vigingi pale yalipoishia. Kiangazi rudini kutazama upande wa juu wa vigingi hivyo: ukoko mweupe juu ya udongo, au ncha za majani zilizokauka ilhali chini kuna unyevu, ni dalili kwamba chumvi inapanda kupitia ardhini. Inapowezekana, udongo upimwe, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar iliyoko Kizimbani ndiyo ya kuulizwa kuhusu kipimo na mbegu. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita, na kila moja inayoongezeka hupunguza mavuno kwa kiasi cha asilimia 12, hata konde lenye kipimo cha 7 huwa limekwishapoteza karibu nusu.

Ukanda ulio chini ya vigingi urudishiwe mikoko. Mlilana hukaa mbele panapopigwa na bahari, mkoko wenyewe, yaani aina moja yenye jina hilo, hufuata kwenye tope, na mchu hustahimili sehemu ya nyuma iliyo kavu na yenye chumvi kali. Kupanda aina hiyo ya mkoko kila mahali kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota ni kupoteza nguvu. Pale ambapo bahari huingia na kutoka lakini mikoko haikuwahi kuwepo, bwawa la samaki aina ya mwatiko au ufugaji wa kaa hulipa kuliko mpunga unaokufa kila mwaka. Mikoko iliyopo isikatwe kwa ajili ya mabwawa hayo, kwani mbali na hasara yenyewe, kukata bila ya kibali ni kosa.

Juu ya hapo ndipo tuta linapojengwa, na hapa panahitaji uangalifu kuliko pote. Kimo chake kizidi alama ya bamvu kubwa kwa nusu mita angalau, kwa sababu udongo mpya hudidimia; ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na upande wa bahari uwe na mteremko wa pole. Udongo usichukuliwe kwenye mikoko. Tope lile lina salfa nyingi, nalo likiwa majini halidhuru, lakini likikauka na kupata hewa hutoa asidi kali ambayo mvua huiteremsha kondeni, na maji ya mtaroni yakageuka rangi ya kutu. Tuta lisiizungushie mikoko kwa ndani pia, maana mikoko isiyofikiwa na maji kujaa hufa.

Tuta lisilo na mlango ni hatari kuliko kutokuwa na tuta, kwa kuwa maji ya mvua hukosa pa kutokea, na bahari ikilipanda siku moja, chumvi hubaki ndani. Wekeni karavati lenye ubao unaoning'inia na kufungukia upande wa bahari pekee: maji yakijaa huufunga wenyewe, yakipwa maji ya mvua huusukuma na kutoka. Baada ya kila bamvu, mtu alitembelee tuta lote akitazama matundu ya kaa, kwani tundu la upana wa kidole gumba hupitisha maji kidogo kidogo, maji yakachukua udongo, na bamvu linalofuata likavunja pahala pale pale.

Bahari ikishazuiwa, mvua za mwanzo za masika zisiachwe zipite bure. Zibeni majaruba, burugeni maji yakiwa ndani, kisha yatoeni wakati wa kupwa, na mrudie kadiri mvua inavyoruhusu. Kwenye udongo unaopitisha maji, kina cha sentimita 30 kikipenya ardhini huondoa karibu asilimia 80 ya chumvi ya sentimita 30 za juu. Kitalu kiwe mbali, kwenye maji matamu, kwa sababu mche mchanga ndio dhaifu zaidi mbele ya chumvi. Upandikizwe ukiwa na umri wa siku 30 hivi, miche 3 au 4 kwa shimo. Jaruba lisikauke kamwe, hasa mpunga unapochanua. Mbegu za mpunga za SATO, zilizotolewa Tanzania kwa ajili ya ardhi yenye chumvi, zinafaa kujaribiwa kwanza kwenye jaruba moja.

Tungule, majimbi na mboga vibaki kwenye kichwa cha bonde penye chemchemi. Kisima kilicho karibu na hori kisivutwe kwa pampu mfululizo, kwani maji matamu yakipungua, ya chumvi hupanda kutoka chini.

Haya yote hayawezekani kwa mwenye konde mmoja. Kabla ya jembe la kwanza, wakulima wa bonde wakutane mbele ya sheha, waandike nani analiangalia tuta, nani anausafisha mlango, na aliyepoteza konde chini ya vigingi atapata sehemu gani ya bwawa.