Kujiajiri kwa uchoraji Mbeya: kuanzia kaunta buku hadi barua ya kuacha kazi

Vijana wanaopita kwenye kibanda changu Mwanjelwa huniuliza swali moja: "Dada, nianze na mtaji wa shilingi ngapi?" Ni swali zuri, ila limeruka jingine lililopaswa kutangulia: siku yako moja inauzwa shilingi ngapi? Asiyelijua jibu lake, hata apewe milioni mbili, ataimaliza akiwa juu ya ngazi, amechoka, na bado anadaiwa kodi ya chumba.

Nilichora jioni na Jumapili kwa mwaka mzima huku nimeajiriwa kwenye duka la kuprinti mabango. Nayaandika haya kwa mtu aliye hapo nilipokuwa: mkono wako unaaminika, una kazi nyingine inayokulisha, na unataka kuhamia kwenye brashi jumla. Kama herufi bado hazikai sawa, kaa kwanza na fundi miezi kadhaa, halafu urudi.

Hatua ya 1: Tafuta bei ya siku yako

Nunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza andika kila kinachokula pesa yako kwa mwezi: kodi, chakula, nauli, umeme, bando, ada, kikoba, na pesa unayotuma nyumbani. Hiyo ya nyumbani usiifiche, maana ndiyo inayovunja hesabu za wengi. Tuseme jumla ni 450,000. Ongeza 60,000 za kuchakaa kwa vifaa: brashi zinaisha, rola zinakauka, ngazi inalegea, simu inayopokea oda inataka betri. Imefika 510,000.

Kosa letu kubwa ni kuigawa kwa siku 26. Kujiajiri hakukupi siku 26 za kuuza. Kuna siku ya kwenda kupima ukuta, siku ya kuzunguka madukani kutafuta rangi, siku ya kuchora mchoro wa mteja ambaye hatarudi, siku ya kufuata deni, na siku za mvua. Nilipofuatilia daftari langu kwa miezi sita, siku ambazo brashi iligusa kazi ya kulipwa zilikuwa 12 kwa mwezi, na mwezi mzuri sana 14. Basi gawa 510,000 kwa 12, unapata 42,500. Mimi hukaza hadi 45,000, kwa sababu kuna kuumwa pia.

Bango la kuchora ukutani mbele ya duka hunichukua siku mbili, na rangi, msasa na thina tuseme 35,000. Siku mbili ni 90,000, kwa hiyo bei ni 125,000. Mteja akisema ana 90,000 tu, usimfukuze, na siku yako usiishushe. Mpunguzie kazi. Toa ile picha ya kikombe cha chai, baki na herufi, rangi mbili badala ya nne, umalize kwa siku moja na nusu: 67,500 na vifaa 20,000, inakuwa 87,500. Mmeelewana, na wewe hujajiibia. Nimeona wachoraji wenye kipawa kunishinda wakirudi kwenye vibarua vya ujenzi kwa sababu kila "dada punguza" waliijibu kwa kukata mlo wao wenyewe.

Hatua ya 2: Anza na kitu ambacho watu tayari wananunua

Ukienda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, utakuta vyungu vya kina mama wa Kikisi. Vimechorwa mapambo mazuri, lakini vinanunuliwa kwa sababu vinapika. Uzuri umepanda mgongoni mwa kitu ambacho nyumba inakihitaji. Nami nakushauri uanze hivyo.

Hapa Nyanda za Juu Kusini wanaolipia mkono wa mchoraji ni hawa: saluni, bucha, gereji, maduka ya pembejeo, gesti, na shule za awali na msingi zinazotaka ramani ya Tanzania, herufi na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ukutani. Kuna pia picha ya sura ya mtu kutoka kwenye simu, zawadi ya send-off, kipaimara au mahafali. Hii ya mwisho usiidharau. Inafanyika ndani, mvua haiigusi, na inakupa jina katika familia nzima kwa siku moja, kwa sababu inafunguliwa mbele ya ukumbi.

Utashindanishwa na mabango ya kuprinti. Nilifanya kazi huko, kwa hiyo nasema ninalolijua: usishindane nayo kwa bei wala kwa haraka. Bango la plastiki la bei ya chini hupauka kwa jua na kuchanwa na upepo. Ukuta ulioandaliwa vizuri unakaa miaka. Mpeleke mteja akaone kazi yako ya zamani, aishike.

Picha za kutundika, zile tunazozipenda sisi wenyewe, zina soko pia ila linatembea polepole. Mbeya wageni wengi wanapita tu kuelekea Tunduma au Kyela. Iringa wanalala, kwa sababu ndiko njia ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, na kule wamezoea kununua kazi za mikono: vikapu vya milulu, na bidhaa za Neema Crafts, karakana iliyoanza 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu. Ukitaka kupeleka huko, chora ndogo zinazoingia kwenye begi la msafiri. Ukiacha kazi dukani kwa mali kauli, yaani ulipwe ikishauzwa, andika idadi, bei, fungu la mwenye duka na tarehe ya kurudi kuhesabu, msaini wote wawili. Bila karatasi hiyo umegawa zawadi.

Hatua ya 3: Maandishi kwanza, brashi baadaye

Mwaka wangu wa kwanza nilichora ukuta wote wa mbele wa gesti moja hapa mjini. Mwenyewe alikuwa mzee wa heshima, ananiita mwanangu, na kila nikigusia pesa anasema, "Dada, we chora kwanza, mimi si wa kukimbia." Nilipomaliza, akasema kijani si kile alichokitaka. Hatukuwa tumeandika kijani gani. Nilipata nusu ya pesa ya rangi, na siku tano zikaenda.

Tangu hapo nina karatasi ya ukurasa mmoja. Ina jina na simu ya mteja, mchoro mdogo wa kazi, vipimo kwa mita, namba ya rangi kama ilivyo kwenye kadi ya dukani, tarehe ya kuanza na kumaliza, bei, na nani analeta ngazi. Chini kuna malipo: asilimia 60 kabla sijanunua rangi, 40 siku ya kukabidhi. Ile 60 inalipia vifaa vyote na sehemu ya siku zangu, kwa hiyo hata mtu akigoma mwishoni sijatoka na deni. Kubadilisha mchoro mara moja ni bure, mara ya pili kuna bei ya nusu siku. Wazee wengine huona karatasi ni dharau. Waambie kwa adabu: "Mzee, hii ni ili nisisahau ulichoniagiza." Ni kweli pia.

Hatua ya 4: Jua ukuta na ujue mvua

Mwezi Machi nilipata kazi ya darasa Rungwe. Plasta ilikuwa haijafikisha wiki mbili na mvua ya Tukuyu mnaijua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nikapaka. Baada ya mwezi mwalimu mkuu akanipigia: rangi imevimba malengelenge, twiga amechubuka shingo. Nilirudia kwa gharama yangu, na ilikuwa haki.

Plasta mpya iache angalau siku 28. Halafu ipime: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ndani yake, ukuta bado una maji, rudi nyumbani. Ukuta wa zamani upige msasa, ondoa unga wa rangi ya zamani na vumbi, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia), ndipo uchore. Mteja haoni kazi hii na atataka uiruke ili bei ishuke. Usiiruke. Jina lako ndilo litakalobanduka.

Juni na Julai mvua hakuna lakini baridi ipo, na asubuhi ukuta una umande. Kwa kazi za nje mimi huanza saa nne, naacha saa kumi, ili rangi ya mafuta ishike kabla ubaridi haujarudi.

Hatua ya 5: Karatasi za serikali

Hizi zinaogopesha kuliko zilivyo. Ukiwa na namba ya NIDA, TIN ya TRA ni bure. Anayekudai pesa ya kukuombea TIN anauza miguu yake tu. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni ni ya halmashauri yako. Kama msanii unajisajili pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984, na Afisa Utamaduni wa halmashauri atakuelekeza. Nenda kwake mapema. Ofisi hiyo ndiyo huulizwa kwanza panapotafutwa mchoraji wa shughuli ya wilaya.

Kodi nitaisema kwa urefu kidogo kwa sababu inarudi kwenye lile daftari. Mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kwa mauzo, mauzo yake yasipozidi 4,000,000 kwa mwaka, hatozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya 4,000,000 na 7,000,000 na hana kumbukumbu za mauzo, analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi 4,000,000. Ukiuza 6,000,000, hiyo ni 60,000. Daftari lako limekuokolea 40,000, karibu siku nzima ya kazi. Malipo yanagawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mweleze afisa wazi unachokifanya, kwamba unauza picha na mabango au unatoa huduma tu, kwa sababu huduma za kitaalamu zina utaratibu mwingine. Taasisi ikikulipa huduma na kukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujayapokea, dai cheti chake siku hiyo hiyo.

Ukihitaji mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Riba haina, marejesho yapo. Nunueni ngazi na vifaa, msile.

Hatua ya 6: Sahihi na hakimiliki

Weka sahihi kwenye kila kazi, hata ya bucha. Piga picha kabla, katikati na baada, uhifadhi zenye tarehe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu ulipoichora, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukigombana na mtu. Kwenye ile karatasi ya oda ongeza mstari mmoja: mteja amenunua picha hii, hajanunua ruhusa ya kuiprinti kwenye fulana.

Hatua ya 7: Chagua mwezi, kisha andika barua

Usiache kazi Desemba kwa furaha ya mwaka mpya. Januari hapa pesa yote inakwenda kwenye ada na sare, mvua inanyesha hadi Aprili, na utakaa kibandani ukitazama maji. Pesa ya mikoa hii hutoka shambani. Kuanzia Mei na Juni mpunga wa Kyela na Mbarali unaingia, baadaye kahawa ya Mbozi, na watu wanajenga, wanaoa, wanafungua maduka. Likizo ya Juni ndiyo wakati wa kuta za madarasa. Julai mabanda ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale yanataka kupakwa upya kabla maonyesho ya wakulima hayajaanza mwanzoni mwa Agosti. Anza kuyaulizia Mei.

Kwa hiyo masharti yangu ya kuacha kazi ni matatu: pesa ya kula ya miezi mitatu pembeni, kazi mbili za Juni zilizokwisha lipiwa asilimia 60, na miezi sita ya daftari inayoonyesha bei yako ya siku inakubalika. Moja likikosekana, subiri Mei nyingine.

Yakitimia, andika barua. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Mimi niliipeleka yangu tarehe 2 Mei, nikamaliza tarehe 30. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, na uombe cheti cha utumishi kabla hujaaga.