Jina la kijiji limekosewa kwenye sensa ya Uganda? Anza na sikio, ndipo uje kwenye jicho

Fungua picha ya karatasi yenyewe, orodha iliyochapwa haitoshi. Jambo la kujua mapema ni nani aliyekosea: karani aliyesikia vibaya, au mnakili aliyeshindwa na mwandiko wa karani. Tiba zao ni mbili tofauti: la kwanza ni kosa la sikio, la pili la jicho.

Hatua ya 1. Andika jina lilivyo, herufi kwa herufi, kwenye safu ya kwanza ya jedwali. Ya pili ni ya jina unalodhani ndilo, ya tatu ni ya sababu zako. Safu ya kwanza haiguswi tena.

Hatua ya 2. Litamke kwa sauti. Kiganda, lugha ya Buganda, huandika r baada ya e na i tu, kwingine l, ila karani mgeni alisikia alichosikia; ndiyo maana Lubaga na Rubaga ni kilima kimoja. Ky iliandikwa Ch, Kyaggwe ikawa Chagwe. Herufi pacha zilidondoka: Ggaba, Gaba. Kiambishi e, yaani "huko", kiligandishwa: e Mukono ikawa Emukono. Na Kiswahili chetu nacho kina mkono wake: wasafiri wa karne ya 19 waliandika Unyoro na Usoga badala ya Bunyoro na Busoga. Hata Uganda ni Buganda iliyopita njia hiyo.

Ukitafuta mtandaoni, weka alama penye shaka (? kwa herufi moja, nyota * kwa herufi zozote): ?ubaga, au *ag*e kwa Kyaggwe na Chagwe. Baadhi ya tovuti hukataa nyota mwanzoni. Hapo jaribu kila tahajia peke yake.

Hatua ya 3. Sasa jicho. N kubwa ya mkono hufanana na U, kwa hiyo Nsangi ya wilaya ya Wakiso husomwa Usangi. Balaa ni kwamba Usangi ipo kweli, Upareni, Tanzania, na ramani itaipokea bila kunung'unika. Tafuta ukurasani neno usilo na shaka nalo, mathalani jina la mtu Nakato, ulinganishe N yake.

Hatua ya 4. Panda ngazi za utawala: kijiji, muluka (parokia), gombolola (kaunti ndogo), saza (kaunti). Soma kaya tano za juu na tano za chini. Bukoto moja iko Kampala, nyingine ni kaunti ya Masaka. Majirani ndio watakaokwambia ipi. Angalia na mwaka: wilaya ya Buikwe ilikatwa kutoka ya Mukono 2009, hivyo karatasi ya miaka ya 1990 itasema Mukono bila kosa lolote.

Ukimuuliza mzee wa huko, usimsomee jibu lako. Mwache alitamke mwenyewe. Yakibaki majina mawili yenye uzito sawa, weka yote na alama ya kuuliza.