Kompyuta ya mezani yenye tachi: pima mkono wako kabla ya kutoa pesa

Mteja akija kuniuliza kama anunue kompyuta ya mezani yenye kioo cha tachi, humuuliza swali moja kabla hatujafika kwenye bei: kazi yako unaifanya umesimama au umekaa? Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na mashine hizi nimezifunga kwenye maduka ya dawa, migahawa, mapokezi ya zahanati na majumbani. Jibu la swali hilo ndilo linaloniambia kama tachi itamsaidia au atakuwa ameilipia bure.

Sababu ni mkono. Simu unaishika kiganjani, kiwiko kimepinda. Kioo cha mezani kimesimama mbele ya uso, na ili ukiguse lazima uunyanyue mkono hewani bila pa kuegemea. Mguso mmoja hauna tabu; asubuhi nzima ya miguso, bega litauma. Jambo hili linajulikana zamani. HP waliuza kompyuta ya mezani ya kugusa, HP-150, mwaka 1983, na bado maofisi yakabaki na kibodi na mausi. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple alieleza hadharani kwamba kioo kilichosimama wima hakifai kuguswa, kwa sababu baada ya muda mkono huchoka. Microsoft nao walitoa Windows 8 mwaka 2012, wakaipanga kwa ajili ya vidole hadi wakaondoa kitufe cha Start. Waliozoea mausi walilalamika sana, na mwaka uliofuata kitufe kilirudishwa katika toleo la 8.1.

Kwa hiyo kabla hujanunua, fanya jaribio hili kwa kompyuta uliyonayo sasa. Kwa nusu saa fanya kazi yako ya kawaida, lakini kila unapotaka kubofya, nyoosha mkono uguse kwanza kioo mahali hapo, ndipo ushike mausi. Hesabu pia ni mara ngapi kidole kimefunika kitu zaidi ya hicho ulichokitaka. Mtu wa Excel, programu ya majedwali, huacha mapema, kwa sababu visanduku vile ni vyembamba kuliko ncha ya kidole. Muuzaji anayesimama kaunta, akichagua bidhaa kwenye vitufe vikubwa na kupokea pesa, humaliza nusu saa bila shida. Huyo namwambia anunue.

Wapo wengine wanaofaidika kwa kweli. Mzee ambaye vidole vimekakamaa hupata taabu kubofya mausi mara mbili upesi, lakini kugusa picha ya mjukuu ikafunguka anaweza. Mtoto wa chekechea huelewa kugusa kabla hajaelewa mausi. Na mapokezi ya zahanati, ambako mgonjwa anatakiwa athibitishe jina lake mwenyewe, kioo kikigeuzwa kumwelekea kazi inakwisha. Mhasibu, mchapaji wa barua, msanifu wa mabango: hawa wabaki na kioo cha kawaida, na pesa inayobaki waongeze RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na diski ya SSD, ile ya kasi. Wataiona tofauti siku hiyo hiyo.

Ukishaamua, kuna maumbo mawili sokoni. Moja ni zile ambazo kompyuta imejengwa ndani ya kioo, madukani wanaziita ol-in-wani. Jingine ni kompyuta ya kawaida na kioo cha tachi kinachouzwa peke yake. Ol-in-wani ni nadhifu na haina waya nyingi, lakini mimi napendekeza hiyo ya pili kwa biashara yoyote. Kioo cha ol-in-wani kikipasuka, mara nyingi sehemu ya tachi imegandishwa pamoja na sehemu inayoonyesha picha, hivyo unabadilisha vyote, kama utavipata. Kioo cha peke yake ukikichomoa, unaweka hata cha kawaida na duka linaendelea kuuza. Kumbuka tu kwamba waya wa HDMI unaleta picha, hauleti mguso. Mguso unapita kwenye waya wa USB kutoka kwenye kioo hadi kwenye kompyuta. Vioo vingi vinavyoletwa kwangu vikidaiwa kufa vimekosa waya huo tu.

Uliza pia aina ya tachi. Nyingi za sasa, kama za simu, zinahitaji ngozi ya kidole. Ukivaa glavu za kawaida hazikusikii. Zile za kubonyeza, ambazo ukizigusa unahisi juu panabonyea kidogo, zinakubali glavu, ukucha hata kalamu. Utazikuta kwenye mashine za kaunta zilizotumika. Kwa mgahawa ambako mpishi mwenyewe anagusa kioo, aina hii ya kubonyeza ndiyo ninayoichagua.

Kama unanunua iliyotumika, usiondoke dukani kabla ya kuipima. Fungua programu ya Paint, chora kwa kidole mistari iliyokaribiana kutoka juu hadi chini, kioo kizima, ukifika hadi pembeni kabisa. Mstari ukikatika mahali pale pale kila unapopita, hapo pamekufa. Kisha nenda Settings, System, About: kwenye kipengele cha Pen and touch itaandikwa tachi inapokea vidole vingapi kwa wakati mmoja. Halafu iache inawaka bila kuigusa huku unaongea na muuzaji. Vitu vikianza kujifungua vyenyewe, mrudishie. Angalia na prosesa, chipu kuu ya kompyuta: Microsoft walisimamisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 au cha karibuni zaidi. Ol-in-wani nyingi za bei rahisi ni za kabla ya hapo.

Wakati wa kuifunga, kishushe kioo na ukilaze nyuma, kama kitabu juu ya marufaa, kiasi kwamba unakigusa kiwiko kikiwa kimepinda. Hilo peke yake linapunguza uchovu. Usikielekeze dirishani, maana vioo vya tachi vingi vinang'aa na jua la mchana litakuzuia kusoma. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Mausi na kibodi viache mezani. Penye kubofya kitufe cha kulia cha mausi, wewe shikilia kidole kidogo kisha uachie. Na nunua UPS, kisanduku chenye betri cha kushikilia umeme kwa muda mfupi: kompyuta ya mezani haina betri, umeme ukikatika katikati ya mauzo ndiyo basi.

Usafi ni kazi ya kila siku. Hapa pwani kuna chumvi hewani na jasho vidoleni, na kwenye mgahawa ongeza mafuta. Izime kwanza, lowesha kitambaa laini kwa maji kidogo au spiriti ya isopropili ya asilimia 70, ukamue, ndipo ufute. Usinyunyizie maji kwenye kioo, yatateremka kwenye ukingo wa chini na kuingia ndani. Dawa zenye klorini usiziguse. Kama wafanyakazi wanaingiza namba ya siri kwenye kioo, wakifute mara kwa mara, kwa sababu alama za vidole zinaonyesha namba zilizobonyezwa.

Siku kioo kitakapoanza kujibonyeza chenyewe, usikimbilie kununua kingine. Kikaushe na kukisafisha, kisha bandua protekta. Ikiendelea, tazama umeme. Duka moja la dawa mtaani kwetu, kioo kilikuwa kinachagua dawa chenyewe kila jenereta ilipowashwa. Fundi umeme alipofunga sawasawa waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kikatulia. Kama hata hilo halikusaidia, fungua Device Manager, tafuta Human Interface Devices, bofya kwa kitufe cha kulia palipoandikwa HID-compliant touch screen, chagua Disable device. Tachi itazimika na kompyuta itaendelea kufanya kazi kwa mausi na kibodi mpaka fundi afike.